David Hilbert, mwanahesabu aliyekataa kukubali jambo bila uthibitisho

Mwanafunzi wa sekondari kule Mabalako, kama mwenzake wa Beni ao Butembo, anakubali bila ubishi kwamba nukta mbili zinaunganishwa na mstari mmoja tu ulionyooka. Mkulima wa kakao anajua hivyo pia: akisimika vijiti viwili na kuvuta kamba, safu ya miche imepatikana. Macho yanatosha. David Hilbert, Mjerumani aliyefariki mwaka 1943, alijipatia jina kwa kuonyesha kwamba katika hesabu macho hayatoshi.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1862 upande wa Königsberg, mji wa Prussia ambao leo unaitwa Kaliningrad, nchini Urusi. Baba yake alikuwa hakimu. Alisomea katika mji huo, akapata udaktari mwaka 1885, na huko akampata rafiki wa maisha, Hermann Minkowski, Myahudi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili. Mwaka 1892 alimuoa Käthe Jerosch, na mwaka 1895 akaitwa kufundisha Göttingen, ambako alibaki hadi kifo.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1891, akirudi kutoka mhadhara juu ya jeometria katika mji wa Halle, aliwaambia wenzake kwenye stesheni ya treni ya Berlin kwamba badala ya nukta na mistari mtu angeweza kusema meza na viti, hata vikombe vya bia, na jeometria isiharibike. Ilionekana kama mzaha. Mwaka 1899 mzaha huo ukawa kitabu, Misingi ya Jeometria, kinachoanza na aksiomu, yaani sentensi zinazokubaliwa bila kuthibitishwa. Kundi la kwanza linasema tu nukta gani iko juu ya mstari gani.

Chukua ushirika mdogo wa wakulima watatu wa kakao. Mkulima awe ndiye nukta, kamati iwe ndiyo mstari. Sheria ni tatu: wakulima wawili wowote wanakutana katika kamati moja, si zaidi, kila kamati ina watu angalau wawili, na hakuna kamati inayokusanya watu wote. Zinapatikana kamati tatu, za watu wawili wawili. Je, kamati mbili tofauti zinaweza kuwa na watu wawili wale wale? Hapana, kwani hao wangekuwa pamoja katika kamati mbili, na sheria ya kwanza imekataza. Hoja hiyo haikuhitaji mchoro hata mmoja, na ni kweli vilevile kwa mistari ya ubaoni.

Halafu kuna suala la mistari sambamba, isiyokutana kamwe. Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri zaidi ya miaka 2200 iliyopita, aliweka sheria juu yake bila uthibitisho, na vizazi vya wataalamu vikachoka kwa kujaribu kuitoa katika sheria nyingine. Katika ushirika wa watatu, kamati zozote mbili zina mtu mmoja wa pamoja: sambamba hakuna. Akiongezwa mkulima wa nne, kamati zikibaki za watu wawili wawili, kila mkulima aliye nje ya kamati fulani anayo kamati moja tu isiyokutana nayo. Wakiwa watano, anazo mbili. Sheria tatu zinaheshimiwa kote, lakini jibu linabadilika. Basi jibu hilo haliwezi kutoka ndani ya sheria hizo. Wengine kabla yake, kama Mrusi Lobachevsky, walikuwa wamefungua njia. Hilbert ndiye aliyezipima sheria zote za jeometria kwa utaratibu huo.

Mwaka 1900, mjini Paris, alianza kuwawekea wanahesabu wa dunia maswali yake maarufu 23. Alitumaini pia kwamba hesabu nzima ingethibitishwa kuwa haijipingi. Mwaka 1931 kijana Kurt Gödel alionyesha kwamba tumaini hilo, kwa namna alivyolitaka Hilbert, halifikiki.

Nje ya darasa alikuwa mgumu vilevile. Mwaka 1914 wasomi 93 wa Ujerumani walitia sahihi tangazo la kukana maovu ya jeshi lao nchini Ubelgiji. Hilbert alikataa, kwa kuwa hakuweza kujua kama maneno yale yalikuwa ya kweli. Kuanzia mwaka 1915 alimpigania Emmy Noether, mwanamke Myahudi ambaye baadhi ya maprofesa hawakutaka afundishe. Akatangaza masomo ya Noether kwa jina lake mwenyewe, mpaka mwaka 1919 alipopewa haki hiyo.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler uliwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu. Noether, Richard Courant na Max Born waliondoka. Hilbert, aliyekuwa amestaafu, alibaki. Waziri wa elimu alipomuuliza baadaye hali ya hesabu pale Göttingen, mzee alimjibu kwamba haikuwepo tena. Alifariki tarehe 14 Februari 1943, vita vikiendelea. Kwenye mazishi walifika watu kumi hivi. Wengi wa wanafunzi na wenzake walikuwa ng'ambo, uhamishoni.