John Backus: jamaa aliyeikosoa kazi yake mwenyewe

Haya wadau, leo nawaletea mzee mmoja ambaye mimi namheshimu sana, ingawa wengi tunaoshinda kwenye kompyuta hatumjui.

John Backus alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1924. Shule kwake ilikuwa noma. Chuo Kikuu cha Virginia kilimtimua kwa utoro. Akaenda jeshini, akajaribu udaktari, akaacha baada ya miezi 9. Akajifunza ufundi wa redio, na huko ndiko hesabu zikamkolea. Mwaka 1950 akapata kazi IBM.

Enzi hizo kuandika programu kulikuwa kuumiza kichwa kwelikweli. Backus na wenzake wakatengeneza lugha ya Fortran, iliyotoka 1957. Mtu akaweza kuandika fomula karibu kama anavyoiandika daftarini, kompyuta ikamalizia. Jina likapaa.

Sasa sikieni. Mwaka 1977 akapewa Tuzo ya Turing, kubwa kuliko zote kwenye fani hii. Mwingine angeshukuru akashuka jukwaani. Yeye akasimama kueleza kwamba lugha za aina ya Fortran zina kasoro ya msingi: programu inashinda ikibadilisha vitu kwenye kumbukumbu, kimoja baada ya kingine. Akapigia debe lugha za fankisheni: unaingiza kitu, unapata jibu, na hakuna kingine kinachoguswa pembeni.

Lugha aliyoipendekeza, FP, haikushika viwandani. Hoja ndiyo iliyobaki. Kazi ikiwa kubwa, balaa huanza pale sehemu mbili za programu zinapogombania kubadilisha kitu kimoja. Kisichobadilika hakigombaniwi!

Ericsson ya Sweden, ambao mitambo yao ya simu haitakiwi kuzimika, walianza kutengeneza Erlang miaka ya 1980. Sisemi ni mtoto wa Backus, ila nayo ni ya fankisheni. WhatsApp unayochatia ilijengwa kwa hiyo hiyo. Facebook walipotangaza kuinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450, na wahandisi kama 32 tu! Hapo ndipo kampuni zinaponogewa: watu wachache, mzigo mkubwa, mtambo hausimami.

Mzee alifariki 2007. Fortran bado inatumika kwenye hesabu nzito za wanasayansi, na bado alikuwa na ujasiri wa kusema haitoshi. Sisi tukisifiwa kidogo tu, nani anathubutu kujikosoa?

Mnasemaje wadau? Uwanja ni wenu hapo chini.