AHMAD IBN MAJID: RUBANI ALIYEHESABU HATARI KABLA YA KUNG'OA NANGA

Katika historia ya Bahari ya Hindi hakuna rubani anayetajwa mara nyingi kama Ahmad ibn Majid, na labda hakuna aliyesingiziwa kama yeye. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa kwamba ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, kisha habari zake zikaishia hapo. Leo tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya bwana huyo kwa mapana zaidi, maana kazi yake hasa ilikuwa kuzipima hatari za njia za maji zipitwazo na vyombo vingi, na kuwafundisha wenziwe namna ya kuzikwepa.

Huenda msomaji akauliza, sisi tunaoandika kutoka Nyakarenzo, wilayani Rusizi, katika nchi ya milima iliyo mbali na bahari, tuna haja gani na rubani wa majahazi? Haja tunayo. Jirani yetu ni Ziwa Kivu, lililo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi, na lenye kina kinachokaribia mita 480 mahali pengine. Mitumbwi, maboti na meli ndogo hupita humo kila siku zikichukua watu, ndizi, makaa na mifugo, ziendako Nkombo, Idjwi, Bukavu na Goma. Mambo aliyoyaonya Ibn Majid zaidi ya miaka 500 iliyopita yangali yanaua watu katika maziwa yetu.

MTOTO WA MARUBANI

Jina lake ni Shihab al-Din Ahmad ibn Majid. Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, bandari ya kale iliyokuwa mahali palipo Ras al-Khaimah, katika Falme za Kiarabu za leo. Ghuba ile ilikuwa na shughuli nyingi. Vyombo vya lulu, tende na farasi vilipishana na vyombo vilivyotoka India na nguo, mchele na viungo, na vyote vilipenya katika mlango mwembamba wa Hormuz.

Babu yake alikuwa rubani, na baba yake pia. Wote wawili walipata sifa katika Bahari ya Shamu, ambayo mabaharia wa zama zile waliiogopa kuliko nyingine, kwa kuwa pande zake zote mbili zimejaa miamba na mafungu yaliyojificha chini ya maji. Baba alitunga utenzi wenye beti zaidi ya 1,000 kueleza njia za bahari hiyo, ili marubani waweze kuzikariri kwa moyo. Utungo ulikuwa ndio ramani ya watu wale: hauloi maji, haupeperushwi na upepo, na nahodha anaweza kuukumbuka hata katika giza la usiku.

Ahmad aliukariri utenzi wa baba yake, kisha akaenda nao baharini na kuupima mahali kwa mahali. Palipokuwa sawa aliparidhia. Palipokosewa alipasahihisha kwa maandishi. Katika mila zetu si jambo jepesi mtoto kumsahihisha mzazi wake, tena mbele za watu. Lakini alijua kwamba mwamba haujali heshima ya ukoo, na kwamba kosa likiachwa katika utenzi kwa sababu ya adabu, litawazamisha watu wasio na hatia.

Aliwatendea vivyo hivyo wazee wa fani yake. Walikuwako marubani watatu wa kale, walioishi karne kadhaa kabla yake, ambao mabaharia waliwaita simba wa bahari. Ibn Majid aliwasifu, na kwa fahari isiyofichika akajihesabu kuwa wa nne wao. Hata hivyo hakusita kuandika kwamba walikuwa wakusanyaji wa habari za wengine, wala hawakusafiri sana. Habari ambayo haijajaribiwa kwa safari, kwake yeye, ilikuwa bado ni uvumi.

VIPIMO VYAKE

Mwaka 1462 alikamilisha utungo mrefu uliokusanya misingi ya elimu ya bahari, na kazi zake zote, nyingi zikiwa za mashairi, zinahesabiwa kuwa 40 hivi. Humo tunaona jinsi rubani wa zama zile alivyofanya kazi. Dira yake iligawanywa sehemu 32. Urefu wa safari aliuhesabu kwa zamu za saa tatu tatu. Alipotaka kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani, alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa kibao alichokinyoosha mbele ya uso. Kipimo chenyewe kiliitwa kidole, nacho kilikuwa sawa na digrii moja na dakika 36 hivi.

Hakuitegemea alama moja peke yake. Nyota ya Kaskazini hushuka kadiri chombo kinavyokwenda kusini, na kufika karibu na ikweta huzama kabisa machoni. Rubani aliyeijua hiyo tu angepotea kabla ya kuifikia Mombasa. Kwa hiyo Ibn Majid alifundisha nyota nyingine za kushika badala yake, na pamoja na nyota akahimiza dalili za bahari yenyewe: rangi ya maji, aina ya ndege, nyoka wa baharini wanaoonekana pwani ya India inapokaribia, na kina kinachopimwa kwa kutupa bildi. Dalili moja ikimdanganya, nyingine ingemwonya.

PWANI YETU

Pwani ya Waswahili aliijua. Mojawapo ya tungo zake kubwa inaeleza njia za kufikia Afrika ya Mashariki hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, pamoja na vipimo vya nyota vya bandari na visiwa vya njiani. Maandishi ya utungo huo yamehifadhiwa St. Petersburg, nchini Urusi, na yalichapishwa mwaka 1957 na mtaalamu Teodor Shumovskii.

Hatari kubwa ya safari za pwani hii ilikuwa kalenda. Vyombo vya Arabuni na Gujarati vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyekawia bandarini akingoja faida kidogo zaidi aliweza kuukosa upepo na kukaa ugenini miezi mingi. La kuogofya zaidi, aliweza kukutana na kusi katika ukali wake, wakati ambapo bandari za magharibi ya India hazikaribiki. Ibn Majid alieleza kwamba kwa siku 90 hivi bahari hufungwa, akapanga tarehe za kuondoka kutoka bandari hata bandari. Tarehe hizo zilikuwa amri za usalama, ingawa hapakuwa na askari wa kuzisimamia.

KITABU CHA MWAKA 1490

Mnamo mwaka 1490 alimaliza kitabu chake mashuhuri cha nathari juu ya misingi na kanuni za elimu ya bahari, chenye milango 12. Humo mna nyota, dira, njia, visiwa vikubwa, Zanzibar kikiwa mojawapo, na misimu ya kusafiri. Maelezo marefu ya hatari za Bahari ya Shamu, bahari ya baba yake na babu yake, ndiyo yanayokifunga kitabu.

Sehemu inayotugusa sisi zaidi ni ile ya wajibu wa mwalimu, maana ndivyo rubani alivyoitwa. Ibn Majid alimtaka akikague chombo kingali nchi kavu na kuziandika kasoro zake zote. Azitazame zana zake. Awatambue mabaharia na abiria na tabia zao, asikilize maneno ya watu wote kisha achague yaliyo mema. Asiondoke nje ya msimu, wala asikubali kuongoza chombo ambacho amri yake haitiiwi. Akisha kuwa baharini, apunguze usingizi.

Aliwagawa pia walimu katika madaraja matatu. Wa kwanza ni yule ambaye mara hufika salama na mara hukosa, naye hajui kwa nini. Wa pili ni mzoefu, hodari katika njia alizozipita. Wa tatu ni yule ambaye hakuna jambo la baharini linalomshinda, na ambaye ameandika elimu yake ili wengine wanufaike nayo baada yake. Tuangalie sana daraja la kwanza. Wengi wetu humsifu nahodha kwa kuwa hajapata kuzama, hali yeye ni wa daraja hilo tu: bahati imemchukulia dhamana, na siku moja itamwacha.

HABARI YA MALINDI

Sasa tuje kwenye lile jambo la Vasco da Gama. Mreno huyo aliwasili Malindi Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa mji, akang'oa nanga tarehe 24 mwezi huo na kufika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarati, na mmoja wao anampa jina la Malemo Caná. Msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno la kwanza kuwa ni mwalimu, nalo ni cheo cha kazi.

Jina la Ibn Majid linatoka kwa mwandishi mmoja wa Kiarabu, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo kadhaa baada ya tukio. Mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand alilieneza katika miaka ya 1920, na vitabu vya shule vikalipokea. Wachunguzi wa baadaye, wakiwemo G. R. Tibbetts na Ibrahim Khoury, wamelikataa. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mzee, na katika tungo zake anataja kuja kwa Wafaranji bila kudai popote kwamba aliwaongoza. Kwa maoni yetu ushahidi wa Wareno wenyewe una uzito zaidi, na haifai mtu aliyetumia umri wake kuwalinda mabaharia aendelee kubebeshwa lawama ya kufungua mlango wa mizinga iliyozipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505.

Utungo wake wa mwisho unaojulikana ni wa mwaka 906 wa Hijria, yaani 1500 au 1501. Baada ya hapo hasikiki tena. Lakini elimu yake haikuzikwa naye: mwaka 1554 amiri wa Kituruki, Seydi Ali Reis, alipoandika kitabu chake cha Bahari ya Hindi, aliitegemea kazi ya Ibn Majid.

MAZIWA YETU LEO

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2002 lilipitisha mwongozo wa kupima usalama wa vyombo kwa hatua tano: kutambua hatari, kupima ukubwa wake, kutafuta njia za kuipunguza, kulinganisha gharama na manufaa, na kutoa mapendekezo kwa waamuzi. Ibn Majid hakuwa na mitambo ya kisasa ya kuonea vyombo gizani, lakini msomaji ataona kwamba hatua tatu za mwanzo alizifuata. Sisi askari nasi tunazijua, kwa kuwa hakuna kamanda anayepeleka kikosi njiani kabla mpelelezi hajarudi na habari za daraja, mto na hali ya hewa.

Tuyatazame yaliyotukia kwetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia mengi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, cha kubeba watu 100 hivi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa letu la Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea katika bandari ya Kituku, mjini Goma. Vita vilikuwa vimefunga barabara, watu wakajazana majini, na makumi kati yao hawakuiona nchi kavu tena.

Katika misiba hiyo mitatu bahari haikuficha mwamba wowote. Hatari ilikuwa gatini, ikionekana kwa kila aliyekuwa na macho: vichwa vingi kuliko nafasi, mizigo juu ya mizigo. Aliyepaswa kuhesabu hakuhesabu, au alihesabu na kauli yake isitiiwe. Ndiyo maana Ibn Majid alimkataza rubani kuongoza chombo asichotiiwa ndani yake.

Kwa hiyo tunawasihi wenye vyombo katika Ziwa Kivu wamwachie nahodha mamlaka ya kusema kwamba leo hatuondoki. Wakaguzi nao waandike kasoro za chombo kingali ufukweni, na wazikague upya baada ya matengenezo. Na wewe ndugu msafiri, ukifika gatini ukaona boti imeshiba hata ukingo wake unakaribia maji, ukaambiwa kwamba imebaki nafasi moja tu, usiipande. Ngoja nyingine, hata kama ni kesho.