Sophocles: Mbabe wa jukwaa aliyeonyesha ubaya wa kuhepa

Ukisikia tamthilia za Kigiriki, pengine unawaza vitu vya kukuletea usingizi darasani. Tulia kidogo nikujuze kuhusu Sophocles.

Alizaliwa karibu mwaka wa 496 KK huko Colonus, nje kidogo ya Athens. Babake alikuwa tajiri mwenye karakana ya silaha. Inasimuliwa kwamba Wagiriki walipowabwaga Waajemi katika vita vya Salamis mwaka wa 480 KK, Sophocles ndiye aliyeongoza vijana wenzake kuimba wimbo wa ushindi. Mwaka wa 468 KK akamshinda mkongwe Aeschylus kwenye mashindano ya tamthilia, na tangu hapo hakushikika. Aliandika tamthilia zaidi ya 120, ingawa zilizotufikia zikiwa kamili ni 7 tu.

Usidhani alijifungia na kalamu tu. Alisimamia hazina, na karibu mwaka wa 441 KK akawa jenerali pamoja na Pericles. Kisha mwaka wa 430 KK tauni ikavamia Athens, ikaua watu wengi ajabu, na baadaye Pericles mwenyewe.

Wasomi wengi huamini kwamba ni miaka hiyo ambapo aliandika tamthilia ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode. Inaanza mji wa Thebes ukiangamizwa na maradhi. Chanzo ni siri ya zamani.

Mfalme Laius alitabiriwa kuwa mwanawe angemuua. Akaamua kuhepa: mtoto akafungwa miguu ili atupwe mlimani afe. Mchungaji akamhurumia, mtoto akaishia kulelewa na mfalme wa Corinth. Alipokua, Edipode naye akatabiriwa kuwa angemuua babake na kumwoa mamake. Naye akahepa Corinth, akidhani anawalinda wazazi. Kwenye njia panda akazozana na mzee mmoja, akamuua. Alipofika Thebes akategua kitendawili cha Sphinx, akapewa ufalme pamoja na mjane wa mfalme. Yule mzee alikuwa Laius. Mjane alikuwa mamake.

Umeona mtego? Laius hangemtupa mtoto, Edipode angemjua babake kwa sura. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini angalia vile Sophocles alivyomchora Edipode. Mkewe anamsihi aache kuulizauliza. Anakataa, kwa sababu anataka kuujua ukweli wa asili yake. Ukweli unamgharimu kila kitu: mkewe anajitia kitanzi, naye anajipofusha macho. Hata hivyo, hapo ndipo anapoacha kukimbia.

Cha kushangaza ni kwamba tamthilia hii haikupata tuzo ya kwanza. Sophocles hakuvunjika moyo. Akikaribia miaka 90 alimrudia Edipode, safari hii mzee kipofu anayepokewa Colonus, kule kule alikozaliwa mwandishi, na kufa kwa heshima. Sophocles akafariki karibu mwaka wa 406 KK. Mjukuu wake akaiweka tamthilia hiyo jukwaani mwaka wa 401 KK.

Sasa wewe, kuna majibu ya hospitali hujaenda kuchukua? Mkopo wa simu unaoukimbia kwa kubadilisha laini? Hakuna mganga aliyekutabiria lolote, kwa hivyo una nafasi ambayo Edipode hakuwa nayo. Geuka ulikabili mapema, kabla hujafika njia panda.