Elijah Masinde: mfungwa wa Lamu aliyetoka Bungoma

Sisi watu wa pwani tumezoea kupigwa picha. Mgeni akishuka boti pale Lamu, la kwanza ni kamera: ngome, milango ya nakshi, punda. Safari hii nikaona na mimi nigeuze mambo. Nilichukua kamera yangu nikaenda bara, Kitale na Bungoma, kuwapiga picha wao.

Kitale nilianzia makumbusho. Msingi wake ni mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza aliyekusanya ndege, vipepeo na vitabu, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipofariki 1966 mali hiyo ikawa ya nchi, na makumbusho ya taifa yakafunguliwa hapo 1974. Picha nilipiga hadi nikachoka. Lakini niliyoifuata hasa ilikuwa mbele zaidi, kwenye kilima cha Chetambe juu ya mji wa Webuye.

Aliyezoea Fort Jesus asitarajie kuta ndefu za matumbawe. Chetambe ni handaki na tuta la udongo, na majani yamefunika. Hapo ndipo Wabukusu walipojihami mwaka 1895 dhidi ya jeshi la Waingereza likiongozwa na Charles Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na Waganda. Ngome ilivunjwa, watu wengi wakauawa. Mwaka huohuo Waingereza waliigeuza Fort Jesus yetu kuwa gereza.

Kwenye kamera hapakuonekana kitu ila nyasi. Mzee mmoja wa pale aliyenikuta nikihangaika alicheka, akaniambia mahali hapo hapapigwi picha bila kumjua Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa upande wa Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ujana wake ulikuwa wa mpira. Alicheza Kombe la Gossage dhidi ya Uganda mwaka 1930. Alilelewa katika kanisa la Wakweka, kisha akatengana nalo alipooa mke wa pili. Baadaye akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudi kwa Mungu wa wazee wao na kuukataa utawala wa mgeni. Mlima Elgon kwao ulikuwa mahali patakatifu.

Mwaka 1944 alikaidi amri za serikali na kazi za kulazimishwa. Mwaka uliofuata wakamtia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtu akisema nchi ni yake, akaitwa mwendawazimu! Alitoka 1947, na mwezi wa Septemba akawaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwaombea waliouawa 1895. Tuta lile la udongo likawa na uhai tena, miaka 52 baadaye.

Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Msambwa huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa mwezi huohuo na kuhamishwa mbali na mlima wake, akaletwa kwetu Lamu. Baadaye alipelekwa Marsabit, akaachiwa 1961. Uhuru ulipokuja hakunyamaza, na serikali ya wananchi nayo ikamfunga. Dini yake ikapigwa marufuku tena 1968. Alifariki 1987.

Mzee alipomaliza, akaniuliza swali moja tu. Kwa kuwa mimi natoka pwani, je, watu wa Lamu humwambia mgeni kwamba Masinde alikuwa kwao? Nikatazama chini. Mimi niliyepiga picha ngome ya Lamu mara ngapi sijui, sijaona kibao chenye jina lake wala sijamsikia kiongoza watalii akimtaja. Ngome ile yenyewe ilikuwa gereza hadi 1984, kisha ikawa makumbusho. Tunaonyesha ukuta, tunaficha wafungwa.

Sisi huwalaumu watu wa bara kwamba hawaijui historia yetu, na mara nyingi tuna haki. Lakini huyu ni mtu wao aliyelala na kuamka kwenye upepo wetu wa kusi na kaskazi, nasi hatumjui. Kwa hivyo ombi langu kwa wahusika wa turathi Lamu ni dogo: kibao kimoja chenye jina la Elijah Masinde na mwaka 1948. Gharama yake si kubwa.

Na wewe msomaji, ukienda Webuye, panda Chetambe. Kwanza keti na wazee wakusimulie, ndipo utoe kamera. Picha yangu nzuri ya safari ile niliipiga baada ya mazungumzo: nyasi zilezile, tuta lilelile, lakini sasa najua ninachokitazama.