Thaddeus Stevens, Wakili wa Lancaster

Thaddeus Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika mji mdogo wa Danville, jimboni Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alizaliwa na mguu mmoja uliopinda, akachechemea maisha yake yote. Baba yake aliitelekeza familia, na mama yake, Sarah, akawalea wanawe wanne katika ufukara, akihimiza elimu kuliko kitu kingine chochote. Thaddeus alihitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akahamia Pennsylvania, na miaka miwili baadaye akaanza kazi ya uwakili mjini Gettysburg.

Mtu anayempenda Stevens angetamani kuiruka kesi ya mwaka 1821. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa kutoka nje na kukaa jimboni humo kwa miezi sita. Charity Butler, mtumwa kutoka Maryland, alidai kwamba siku alizokaa huko, zikijumlishwa, zilitimiza muda huo. Stevens alisimama upande wa bwana wake. Alidai kwamba miezi hiyo sharti iwe mfululizo, wala haikusanywi kutoka safari mbalimbali. Mahakama ilikubaliana naye, na Charity akarudishwa utumwani pamoja na watoto wake. Hoja ilikuwa ya hesabu ya siku tu, nayo ilitosha.

Baada ya hapo wakili huyo aligeuka. Aliwatetea watumwa watoro mahakamani, mara nyingi bila malipo. Mwaka 1835, akiwa katika bunge la jimbo, hotuba yake iliokoa sheria ya shule za umma zisizo na ada iliyokuwa karibu kufutwa. Miaka mitatu baadaye alikataa kutia sahihi katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Mwaka 1842 alihamia Lancaster. Mwaka 1851, baada ya bwana mmoja wa watumwa kuuawa huko Christiana alipokuwa akiwasaka watoro wake, Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini. Hanway aliachiwa huru.

Katika Baraza la Wawakilishi la taifa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alisimamia kamati ya fedha iliyotafuta gharama za vita. Majeshi ya Kusini yalimlipa kwa njia yao: mwaka 1863 yaliteketeza kiwanda chake cha chuma cha Caledonia. Alipigania marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokomesha utumwa, kisha yale ya 14, yaliyowapa uraia waliokuwa watumwa, ingawa haya ya pili aliyaona kuwa pungufu. Jambo alilolitaka kwa dhati hakulipata. Alipendekeza mashamba makubwa ya viongozi wa uasi yatwaliwe, na kila mwanamume mzima aliyeachwa huru apewe ekari 40, kwani aliamini kwamba asiye na ardhi angerudi kuwa mtumishi wa bwana yule yule. Wenzake bungeni waliogopa kugusa mali ya watu. Ulimi wake mkali, ambao haukumwacha rafiki wala adui, haukumsaidia kuwashawishi.

Mwaka 1868, akiwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kitini hadi ukumbini, aliongoza juhudi za kumwondoa madarakani Rais Andrew Johnson. Katika Seneti ilikosekana kura moja tu.

Alifariki Washington tarehe 11 Agosti mwaka huo huo. Hakutaka kuzikwa katika makaburi yaliyotengwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Alichagua makaburi madogo ya Shreiner, mjini Lancaster, yaliyowapokea wafu wa rangi zote, na akaagiza sababu ya uchaguzi huo ichongwe juu ya jiwe la kaburi lake.