Salme binti Said: Mwana wa Mtoni aliyebaki peke yake Hamburg

Safu ya leo naiandikia Runyenjes, huku Embu, kwenye barabara iendayo Meru. Nimekuja kumwangalia binti yangu aliyejifungua, na nakaa naye mpaka arubaini yake itimie.

Mji wenyewe si mkubwa. Lakini asubuhi ya kwanza nilipotoka peke yangu kwenda sokoni na buibui langu, kwenye baridi na manyunyu ya mlimani, nilipotea njia mara mbili na nikajihisi kama niliyetupwa ng'ambo. Watu wa huku ni wema. Wananionyesha njia, na wakisikia natoka Mombasa huniuliza habari za muguka kisha tukacheka. Lakini wema wa jirani hauzibi pengo la jamaa. Kijana aliyemuoa binti yangu ni mtu wa huku. Alisilimu, na ndoa ikafungwa kwa kadhi mbele ya mashahidi. Hata hivyo wako jamaa zetu ambao tangu siku ile hawajapiga simu, na hata mtoto alipozaliwa hawakuuliza.

Usiku, mtoto akilala, nimekuwa nikimfikiria Salme binti Said.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Alikulia kati ya ndugu wengi, farasi, minazi na bahari. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea.

Ujuzi huo ndio uliomtia mashakani mara ya kwanza. Sayyid Said alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, na kiti cha Zanzibar kikamwendea Majid. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua Bi Jilfidan, na mwaka huohuo wa 1859 Barghash akaasi dhidi ya nduguye Majid. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na tano tu. Aliingia upande wa Barghash na akawa katibu wake, akiandika barua za njama kwa sababu kalamu aliijua. Waingereza waliuzima uasi ule, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake. Lakini Salme aliporudiana na Majid, Barghash na wenzake wa kundi lile wakamhesabu msaliti.

Alihamia Mji Mkongwe, na jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Yaliyotokea baina yao yanajulikana. Salme alishika mimba, na kwa binti wa Sultani hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akateremshwa Aden. Huko alimsubiri Ruete kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakaoana. Mtoto wao wa kwanza hakuishi. Habari ya dini yake najua inawauma wengi wetu, nami sitaipamba wala sitaihukumu, kwani mwenye hukumu ni Mwenyezi Mungu.

Wakafika Hamburg. Hebu tufikirie mwanamke wa miaka ishirini na mbili, aliyelelewa mahali ambapo milango huwa wazi na hakuna anayekula peke yake, anaingizwa katika nyumba ya mawe yenye milango iliyofungwa. Kijerumani hakukijua. Mumewe ndiye aliyeweza kuzungumza naye, na mumewe akienda kazini, nyumba nzima haikuwa na mtu wa kusema naye neno. Nguo zilikuwa nzito, chakula kigeni, na macho ya watu yalimfuata kila alipotoka. Ilimbidi aanze kuujifunza mji kama mtoto anavyojifunza kutembea.

Kidogo kidogo akaushika. Lugha ikaingia, watoto wakaja watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Kisha mwezi Agosti 1870 Ruete akapata ajali ya tramu ya farasi na akafariki. Mtoto wa mwisho alikuwa wa miezi tu. Salme akabaki mjane katika nchi ambayo sheria yake haikumwachia mwanamke kusimamia mali ya marehemu mumewe peke yake. Fedha zikapungua haraka. Mwaka huohuo Majid alifariki Zanzibar, na aliyekalia kiti ni Barghash.

Alihama mji baada ya mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Binti wa Sayyid Said akawa anafundisha Kiarabu ili watoto wale. Alimwandikia kaka yake barua, akiomba radhi na akiomba haki yake ya urithi. Majibu hayakuja.

Mwaka 1875 akasikia kwamba Barghash anakwenda London kwa mwaliko wa serikali ya Uingereza. Salme aliwaacha watoto Ujerumani, akajifunza Kiingereza kwa haraka, akavuka bahari peke yake. Katika mji mkubwa kuliko yote duniani kwa wakati ule, hakutaka kuona majumba wala maduka. Alitaka mlango mmoja tu, wa nyumba aliyokaa kaka yake. Aliyemjia ni Sir Bartle Frere, yuleyule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Frere alimpa chaguo: aache kumtafuta Sultani, na watoto wake wataangaliwa na serikali ya Kiingereza. Mama mwenye watoto watatu wasio na baba atachagua nini? Akakubali. Barghash akaondoka London bila kuonana na dada yake. Na baadaye Waingereza wakaijongeza ile ahadi pembeni, kwa hoja kwamba yeye ni raia wa Ujerumani.

Mwaka 1885 aliiona Unguja tena, lakini kwa namna gani! Alikuja pamoja na watoto wake wakati manowari za Kijerumani zimetia nanga mbele ya mji, Bismarck akimtumia kama chambo cha kumtisha Barghash aachie nchi za bara. Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani, na baada ya hapo haja ya Salme ikasahauliwa. Watu wa kawaida, hata hivyo, walimfuata vichochoroni wakimsalimia kwa furaha. Ikulu ndiyo iliyobaki kimya. Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshafariki, akarudi mikono mitupu.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin mwaka 1886, nacho ni miongoni mwa maisha ya mwanzo kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu kwa mkono wake mwenyewe. Kina mengi ya thamani juu ya jumba la Mtoni. Kina pia lisilotetewa: humo aliutetea utumwa, na kwa sababu hiyo mji wa Hamburg, uliokuwa umekipa kiwanja kimoja jina lake mwaka 2019, ulilifuta. Sisi watu wa pwani, ambao wengine wetu ni wajukuu wa waliouzwa na wengine ni wa waliouza, hatuna budi kulisema hilo waziwazi. Kuonewa kwake hakumfanyi asiwe na kosa.

Baadaye aliishi miaka mingi Beirut, mahali ambapo angalau lugha ilikuwa yake, mpaka mwaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikazikwa naye. Lile jumba la makumbusho la Forodhani lilikuwa na chumba kilichotengwa kwa habari zake. Ukoo uliomnyima salamu akiwa hai sasa unakumbukwa na ulimwengu kwa sehemu kubwa kupitia kalamu yake.

Sifananishi binti yangu na Salme. Binti yangu hakutoroka, hakuacha dini, na nyumba yake ina furaha. Ninachokifananisha ni ule ukimya. Salme aliizoea baridi, akajifunza Kijerumani na njia za miji mitano, lakini barua isiyojibiwa hakuizoea hadi kufa.

Arubaini yetu inatimia wiki ijayo, inshallah. Jamaa zangu mnaosoma safu hii mnajijua, na nambari ya binti yangu haijabadilika. Mtoto ni wa kiume, ana pua ya babu yake.