David Katz na Elimu ya Mkono

Nilipokuwa mtoto nilizoea kumwona nyanya yangu akinunua leso. Huisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiwa kwingine kabisa, kisha ama huirudisha ama huitoa pesa. Sikujua wakati huo kwamba palikuwa na mtu aliyelichunguza tendo hilo hilo kwa miaka mingi.

Mtu huyo ni David Katz, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa mwaka wa 1884 mjini Kassel, Ujerumani. Alisomea Göttingen, na tangu 1919 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wataalamu wa zama zile walishughulishwa mno na macho na masikio. Naam, hata yeye alianzia kwenye rangi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akawachunguza watu waliokatwa viungo, na mwaka wa 1925 akakitoa kitabu chake kuhusu ulimwengu wa mguso.

Waliomtangulia walikuwa na desturi ya kuidunga ngozi iliyotulia, nukta baada ya nukta. Katz aliliona hilo kuwa kosa, na mimi naafikiana naye: mkono haungoji kuguswa, bali huenda kutafuta. Akawapa watu karatasi 14, kuanzia laini mno hadi zenye kukwaruza, bila kuwaruhusu kuzitazama. Kidole kilichotulia juu ya karatasi hakikutambua mengi. Kilipopitishwa juu yake, tofauti zilidhihirika. Akashikilia kwamba mtetemo uzukao katika msuguano ndio ubebao habari. Ndiyo maana mtu ashikaye fimbo huihisi ardhi kwenye ncha ya fimbo, wala si kiganjani.

Elimu yote hiyo haikumfaa kitu mwaka wa 1933. Utawala wa Hitler ulimwondoa kazini kwa sababu ya Uyahudi wake. Sisi tulioona wahadhiri wetu wakikimbilia ughaibuni katika miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa maana yake. Katz alikwenda Uingereza pamoja na mkewe Rosa, mwanasaikolojia vilevile, akajishikiza Manchester na London hadi 1937, Stockholm ilipompa uprofesa. Huko ndiko alikofia mwaka wa 1953.

Kitabu chake cha mguso kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1989.